Wino wa stempu: usiulize rangi, uliza utakauka vipi

Kadi zilikuwa 80, za nikaha ya mtoto wa dada yangu. Nilizipiga stempu Ijumaa usiku hapa Bombo, Uganda, nikiwa peke yangu mezani, redio chini chini, ua moja kila kona, kwenye ile karatasi ya kung'aa ya kalenda ambayo nilikuwa nimeibeba kutoka Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, ndani ya takisi nikiishikilia kama mtoto mchanga. Zilitoka safi kabisa. Nikazipanga sakafuni, nikalala. Asubuhi shangazi akaingia, akaokota moja, akapitisha kidole gumba juu ya ua, na ua likawa moshi. Bluu kwenye kadi, bluu kwenye kidole, na kwa vile shangazi ana tabia ya kujipangusa kwenye nguo, bluu kwenye gauni pia.

"Mbona bado mbichi?" akaniuliza. Nikamwambia subiri shangazi, jua likiwaka zitakauka. Mchana zikawa mbichi, Jumatatu zikawa mbichi, wiki nzima baadaye bado mbichi, na kufika hapo tulikuwa tumeshawapigia wageni simu na kuwatumia meseji maana nani atapeleka kadi ambayo inapaka watu rangi.

Sasa kilichonisumbua ni hiki, sikuwa na mtu wa kumlaumu. Wino ulikuwa mzima, ule wa kichupa wa pedi za ofisi, na karatasi ilikuwa ya bei. Vitu viwili vizuri, ila hawakupaswa kuoana. Tangu siku hiyo kila mtu akinifuata na swali "wino gani mzuri wa stempu?" mimi namrudishia swali, unapiga wapi, na wino wako utakaukaje hapo? Rangi tutaongea baadaye.

Maana wino haukauki kwa njia moja. Kuna wino unaokauka kwa kuzama, yaani karatasi inaunywa kama ardhi inavyokunywa mvua. Kuna unaokauka kwa kuruka, kile kimiminika kinapaa hewani kama spiriti kwenye kidonda halafu rangi inabaki nyuma. Na kuna ule ambao haukauki mpaka uuonyeshe moto. Wino za mafuta nazo zina mambo yao, mafuta yanagandamana polepole yakikutana na hewa, ndio maana zinachukua muda. Ukishajua wino wako uko upande gani basi zaidi ya nusu ya maswali yameisha.

Chukua huo wa ofisi ulioniaibisha. Ule umetengenezwa makusudi usikauke! Fikiria karani anafungua pedi asubuhi, anaiacha wazi siku nzima, anagonga barua mpaka jioni, na pedi bado ina unyevu. Siri yake ni gliserini au vitu vya ukoo huo, ambavyo havitaki kuruka hewani na tena vinavuta unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo wino unakaa unasubiri karatasi iunywe. Karatasi ya kawaida ya fotokopi inaunywa mara moja, unaona umekauka, kumbe umezama tu. Lakini karatasi ya kung'aa imepakwa ngozi juu, udongo mweupe laini sana umebanwa mpaka ukateleza, na ngozi hiyo inakunywa kidogo mno. Wino wangu ulikaa pale juu kama mtu amefika stendi basi likakosa kuja. Na ilikuwa Aprili, mvua kila siku, hewa imejaa maji, gliserini inakunywa unyevu wa Bombo badala ya kukauka. Ningengoja mpaka leo.

Tuingie kwenye wino za kazi za mikono zenyewe, maana hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, paketi zina majina mengi halafu zote zinafanana kwa nje.

Mgawanyo wa kwanza kabisa ni dai na pigimenti. Dai, si ile ya kudai deni, ni rangi iliyoyeyuka ndani ya maji kama sukari kwenye chai, huwezi kuiona chembe. Pigimenti ni unga, chembe ndogo ndogo zinaelea ndani ya kimiminika, kama unga kwenye uji. Tofauti hiyo moja ndio inazaa nyingine zote. Mwaga chai ya rangi kwenye kitambaa cheupe, itaingia ndani ya nyuzi, huwezi kuikwangua. Mwaga uji, utakaa juu, ukikauka utaona ganda.

Kwa hiyo wino wa dai unazama, unakauka haraka kwenye karatasi inayokunywa, na unaonyesha mistari myembamba vizuri. Kama unapiga stempu kadi 50 na mtoto anakusaidia kuzipanga, dai ndio rafiki yako maana baada ya dakika moja au mbili unashika. Lakini kwa sababu inaona ndani, rangi ya karatasi inapita chini yake. Ukiipiga njano kwenye karatasi ya kaki, njano inaliwa. Bluu juu ya kaki inakuwa kama kijani mgonjwa. Mtu anadhani pedi imeisha wino, anaenda kununua nyingine, anapiga tena, yale yale. Kwenye kaki dai nyeusi na kahawia iliyokolea zinafanya kazi, hizo nyingine usijitese.

Halafu kuna jua. Dai nyingi haziwezi jua, mwanga unazivunja pole pole na rangi inapauka. Sisi tunaishi juu ya mstari wa ikweta kabisa, si hadithi, ukienda Masaka unaupita pale Kayabwe, watalii wanapiga picha kwenye lile duara jeupe. Vibanda vya pale vinauza vitu vya mikono, na ukitaka kuelewa habari ya kupauka nenda kaangalie kitu chochote cha karatasi kilichoning'inizwa upande wa jua kwa miezi, waridi linakwenda kwanza, zambarau inakuwa kama kijivu. Kama kazi yako itakaa kwenye albamu au ndani ya bahasha, dai haina shida. Kama itatundikwa ukutani mbele ya dirisha, achana nayo.

Pigimenti ndiyo hiyo ya kutundika. Chembe ni ngumu, mwanga hauzivunji kirahisi, na kwa vile zinakaa juu ya karatasi rangi inatoka nzito, hata kwenye kaki inaonekana. Bei yake ni muda. Kwenye manila ya kawaida subiri, usiwe na haraka, tena msimu wa mvua subiri mara mbili. Kwenye karatasi ya kung'aa pigimenti nyingi hazikauki kabisa, tabia ile ile ya wino wa ofisi, sababu ile ile, gliserini. Watu wananunua pedi ya pigimenti wakidhani ni "imara" kwa hiyo itashika popote. Hapana. Imara dhidi ya jua si imara dhidi ya kidole.

Kuna binamu zao wawili watatu ambao nitawapitia haraka. Wino wa chaki ni pigimenti pia ila unakauka mapema zaidi na unaacha sura kavu isiyong'aa, kama ubao wa shule, mimi naupenda kwenye kaki. Kuna mchanganyiko wa dai na pigimenti, unajaribu kupendeza kila mtu, na kwa kweli kwa anayeanza si chaguo baya. Na kuna pigimenti za mafuta kama VersaFine, kampuni ya Tsukineko ya Japani inazitengeneza, hizo kwa stempu yenye mistari myembamba sana, manyoya ya ndege, nyavu za wavuvi, sijaona kitu kinachozishinda kwenye karatasi.

Sasa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, glasi, kopo la bati, kigae, ile karatasi yangu ya kung'aa. Hapo hakuna kitu cha kunywa wino, kwa hiyo unahitaji wino wa kuruka. Ndio wino za solventi, maarufu ni StazOn, nao pia wa Tsukineko. Kimiminika kinapaa ndani ya sekunde chache na rangi inabaki imeng'ang'ania. Ukifungua pedi yake utaisikia harufu kabla hujaiona. Fungua dirisha, mama mjamzito na mtoto wakae mbali, na funika kifuniko kila baada ya kugonga maana kilichokausha kazi yako ndicho kinachokausha pedi yako. Niliwahi kuiacha wazi nikaenda kuswali, nikakaa kidogo na jirani, kurudi pedi imekuwa kama soli ya kandambili.

Mambo mawili zaidi kuhusu solventi na hapa nitakaza sauti. La kwanza, maji hayaitoi kwenye stempu, inataka kisafishio chake, na stempu zile za plastiki inayoona ndani zinaweza kuharibika nayo, zinakuwa na mnato au zinachujuka sura, hasa ukiiacha ikae. Stempu za raba zinavumilia. La pili, watu wanapiga stempu vikombe vya zawadi, jina la bibi harusi na bwana harusi, vizuri sana, lakini weka mbali na mdomo. Huo si wino wa kuliwa. Sehemu ya nje karibu na kitako cha kikombe sawa, ukingoni usithubutu, na sahani usipige katikati pale chakula kinapokaa.

Haya, moto. Hii ndio sehemu ninayoipenda mpaka watu wa nyumbani wamechoka nayo.

Kuna wino ambao hauna rangi kabisa au una kivuli kidogo tu, wa kunata, VersaMark ndio jina utakalolisikia. Ukiupiga kwenye karatasi ya rangi unaacha alama kama ya maji, umbo limekolea kidogo kuliko karatasi yenyewe, na watu wengine wanautumia hivyo hivyo na unapendeza. Lakini kazi yake kubwa ni kushika poda. Poda ya kuembosi, yaani ya kuinua umbo, ni plastiki iliyosagwa, laini kama chumvi ya mezani au kupita hapo. Unapiga stempu, unamwaga poda juu bila huruma, unainamisha karatasi poda iliyobaki irudi kwenye kopo, unagonga nyuma kwa ukucha mara mbili ili chembe zilizopotea njia zianguke. Kinabaki kitu kama vumbi lililokaa katika umbo la ua. Halafu moto. Mwanzoni hakuna kitu, unaanza kushuku umeuziwa unga wa muhogo, mara kona moja inabadilika, vumbi linakuwa majimaji yanayong'aa, na huo mng'ao unatembea kwenye ua mpaka mwisho kama maji yanavyojaza mfereji. Ondoa hapo hapo. Ukizidisha, inatoboka toboka na kuzama kwenye karatasi na mng'ao unakufa. Ikipoa, pitisha kidole, umbo limeinuka.

Moto wenyewe watu wana kifaa chake, kama drayya lakini kikali zaidi na kinapuliza hewa kidogo. Drayya ya saluni haifai, joto halitoshi na upepo mwingi, poda yote inapaa unabaki na karatasi tupu na mezani kumejaa glita. Kwa hapa kwetu, na umeme wa kwetu tunaujua, mimi natumia sigiri. Makaa yaliyokolea, bila moshi, bila ndimi za moto, nashika kadi kwa kibanio cha nguo kwa juu, upande wa stempu ukiangalia mbinguni, joto linapanda kutoka chini kupitia karatasi. Usishushe sana, usiache sehemu moja, tembeza. Nimeunguza kadi, sitaki kudanganya, kwa hiyo ukianza anza na vipande vya kutupa. Pasi nayo inaweza, unaigeuza sura juu unapitisha nyuma ya karatasi. Ila sigiri ina raha yake.

Na hapo ndipo karatasi nyeusi inapopata dawa. Kila mtu anataka maandishi meupe kwenye karatasi nyeusi, ni nzuri, inaonekana ya gharama. Ananunua pedi nyeupe ya pigimenti, anapiga, inatoka nyeupe ya kizembe, kijivu hivi, anagonga tena juu yake inahama mstari. Pedi nyeupe peke yake mara nyingi inachoka hivyo. Piga na wino wa kunata, mwaga poda nyeupe, moto, na sasa una nyeupe ya maziwa. Poda ya dhahabu kwenye kijani kilichokolea, hiyo kwa kadi za harusi hapa haijawahi kurudishwa.

Kuna kundi lingine la watu, wale wanaopiga stempu kwa mistari myeusi halafu wanapaka rangi ndani kama daftari la watoto. Hao wana tatizo lao peke yao: mstari mweusi unachafua rangi. Kanuni ni nyepesi na inashangaza ni wangapi hawaijui, usipake rangi kwa kimiminika kile kile kinachoyeyusha wino wako. Kalamu za alkoholi zitaukokota wino wa solventi, kwa sababu ni ukoo mmoja, hapo chukua dai ya maji kama Memento, ipe muda ikauke sawasawa, kalamu itapita juu bila kuigusa. Ukitumia rangi za maji na brashi, dai nyingi zitakimbia, na hapo solventi au pigimenti ya mafuta iliyokauka vizuri ndio inakaa imara. Mistari ya poda inavumilia maji bila wasiwasi, na tena inakuwa kama ukuta, rangi haivuki.

Nguo ni dunia nyingine. Mara nyingi nakutana na vijana wamepiga stempu tisheti au mifuko ya kitambaa kwa wino wa ofisi, siku ya kwanza ni nzuri, siku ya kufua inasambaa kama wingu. Nguo inataka pigimenti yenye gundi ndani yake, kitu kinachong'ang'ania nyuzi kikipigwa pasi. Pedi za nguo zipo, lakini kama uko Kampala huna haja ya kuagiza mbali, wanaochapa tisheti wanatumia wino wa skrini, nao ukiwa ule wa maji unakubali stempu. Usichovye stempu kwenye kopo! Chukua sponji ya kuoshea vyombo, kata kipande, paka wino kidogo, gonga gonga juu ya stempu mpaka ipate utando mwembamba. Kitambaa kipya kifue kwanza maana kinakuja na wanga wa kiwandani na wino unashika wanga badala ya nyuzi, ukifua wanga unaondoka na maua yako yanaufuata. Ukishapiga acha ikauke kabisa, kisha pasi kavu bila mvuke, kitambaa kingine juu yake, dakika kadhaa.

Ila uliza dukani ni wino wa maji au plastisoli. Plastisoli ni wa plastiki na mafuta yake, haukauki kwa hewa hata mwaka, unataka joto kama la digrii 160 na kuendelea, wenye mashine wanayo. Mtu wa pasi na sigiri kama mimi huo hautuhusu.

Na sasa olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho UNESCO ilikitangaza urithi mwaka 2005, na ambacho watu wengi wa kazi za mikono wanataka kukipiga stempu kwa sababu kinauzika. Mimi nilianza nacho vibaya. Nilichukua stempu yangu nzuri kuliko zote, korongo mwenye manyoya moja moja, nikaipiga kwa dai ya kijani. Hakuna kilichoonekana ila doa. Sababu mbili: kitambaa chenyewe kina rangi ya udongo wa kuchomwa, kahawia yenye wekundu, kwa hiyo dai yoyote inamezwa, na sura yake si tambarare, ina nyuzi na vilima na mabonde ya ile nyundo ya kupondea. Mstari mwembamba unagusa vilima tu. Nilichojifunza ni kutumia stempu ya umbo nene, pembe, jani la mgomba, ngoma, na rangi nzito, wino wa skrini mweusi au mweupe kwa sponji, na chini ya olubugo weka kitu laini kidogo, blanketi lililokunjwa au gazeti kadhaa, ili kitambaa kiinuke kukutana na stempu kwenye mabonde. Bonyeza kwa kiganja, usitikise. Haitatoka kamili na isitoke kamili, hapo ndio uzuri wake. Karatasi za kutengenezwa kwa mkono, za nyuzi za mgomba au mafunjo, nazo zinataka mkono huo huo, zinakunywa sana na dai inatambaa kando ya nyuzi kama miguu ya buibui.

Stempu yenyewe pia ina neno. Raba, tangu Charles Goodyear wa Marekani alipopata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1844 ya kuipika na salfa isiyeyuke wakati wa joto wala kupasuka wakati wa baridi, inapokea karibu kila wino. Za plastiki inayoona ndani zikiwa mpya zinakataa wino, unakusanyika kuwa matone kama maji kwenye jani la yugwa, zisugue kidogo na kifutio cha penseli kabla ya kuanza. Halafu kuna zile mihuri za kisasa zenye wino ndani, hazina pedi, unabonyeza tu, zile usizijaze wino wowote unaoukuta. Zile za sponji zinataka wino wake wa mafuta, ukiweka wa maji vitundu vinaziba na umeua muhuri. Ukienda kuchongesha stempu yako Nasser Road, mchoraji atakuuliza ya aina gani, mwambie unataka raba tupu juu ya mpini, ya kuchovya mwenyewe, ndipo utakuwa huru kubadilisha wino. Na peleka mchoro wa maua yako au nembo yako mwenyewe, yaani ile barabara jina lake linajulikana kwa mihuri ya kila namna, hata ya kughushi, sitaki mtu aseme alitumwa na mimi kwenda kuchonga muhuri wa cheti.

Pedi nayo usiidharau. Za dai mara nyingi ni kitambaa kigumu, za pigimenti ni sponji laini, na kwenye sponji watu wanabonyeza kama wanakanda chapati, wino unajaa kwenye mashimo ya stempu na ua linatoka donge. Gonga kidogo kidogo mara nyingi, au geuza, stempu iangalie juu na pedi ndio igonge. Kwa njia hiyo pedi ndogo inalisha stempu kubwa, huna haja ya kununua pedi ya ukubwa wa sinia. Pedi za dai nyingi zihifadhi kichwa chini ili wino ubaki karibu na uso, na kama nyumba yako ni ya mabati kama yangu usiziweke juu ya kabati, kule juu mchana ni oveni.

Wa mfuko mdogo wataniuliza kuhusu wino wa kujitengenezea. Rangi ya chakula na gliserini ya dukani, ile ya kupaka ngozi, matone machache kwenye kipande cha sponji ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, basi una pedi. Ni dai, kwa hiyo yote niliyosema juu ya dai yanaihusu, karatasi ya kunywa tu, jua hapana, maji hapana. Kwa watoto ni safi kabisa. Kwa mteja aliyelipa, hapana.

Siku hizi kabla ya kazi yoyote nakata kipande cha karatasi ile ile nitakayotumia, si inayofanana nayo, ile ile, napiga stempu tatu. Ya kwanza naisugua baada ya dakika moja. Ya pili naidondoshea tone la maji ikishakauka. Ya tatu naifunika nusu kwa karatasi nyeusi, naibandika dirishani la jua, naisahau wiki nzima, halafu nafunua nalinganisha. Inanichelewesha, wateja wananuna, lakini hakuna aliyenirudishia kitu tena.

Zile kadi sikuzitupa, karibu 60 zilibaki, zikakaa kwenye boksi chini ya kitanda. Miezi miwili baadaye nikapata kopo langu la kwanza la poda, ile isiyo na rangi, na nikiwa natafuta kitu cha kujaribia nikakumbuka boksi. Nikagusa moja, kidole kikatoka bluu. Mbichi bado! Nikamwaga poda, ikang'ang'ania kila mstari, nikaipeleka juu ya sigiri, na ua langu likainuka bluu linang'aa kama ganda la embe lililooshwa, limefungwa chini ya ile plastiki, hakuna kinachotoka. Ule wino niliokuwa nautukana kwa kukataa kukauka ndio sababu poda ilishika.

Nikampelekea shangazi jikoni. Akasugua kwa kidole gumba, akatazama kidole. Akasugua tena, kwa nguvu, akatazama. Kisha akaisoma kadi yote polepole, jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, tarehe.

"Imekauka," akasema. "Sasa tuwaambie waoane tena?"